Mizani au kikombe kwa mboga za mchuzi wa sato

Sato umeshamnunua kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Maelezo ya mapishi yanataka nyanya gramu 500, na nyanya za sokoni Mwanza huuzwa kwa fungu au sado (kindoo cha kupimia). Unapimaje?

Mizani haijali ukubwa wa kipande. Weka bakuli, rudisha sifuri, kisha mimina mboga ikiwa imeshamenywa. Ukipima na maganda utapungukiwa. Ile kubwa ya duka haifai kwa karoti moja, tafuta ndogo ya jikoni.

Kikombe ni cha haraka, ila kiwe cha mililita 250. Kikombe cha chai hakina kipimo cha kuaminika. Nyanya za vipande hukijaza kwa gramu 180 hivi, kwa hiyo gramu 500 ni vikombe vitatu, cha mwisho kisijae. Kitunguu cha vipande vidogo ni kama gramu 160. Karoti ya vipande 130. Ikikunwa 110, maana hewa hubaki katikati.

Kwenye majani ndipo kikombe huharibu mambo. Mchicha mbichi uliokatwa na kumwagwa tu unakaribia gramu 30. Ushindilie kwa kiganja, unaingia maradufu. Uliopikwa na kukamuliwa hufika 180. Ukiambiwa “kikombe kimoja cha mchicha” bila kuelezwa mbichi au uliopikwa, unaweza kukosea mara sita.

Majani, basi, yapime kwa mizani. Nyanya na kitunguu, kikombe kinatosha. Gramu 20 zikizidi, sato hatalalamika.