Moore Street ya Dublin: nyota nne, ya tano nimeizuia

Mgeni yeyote kutoka kwetu akifika Dublin, mji mkuu wa Ireland, swali lake la kwanza ni unga. Unga wa ugali unapatikana wapi? Huwa namwelekeza Moore Street, mtaa wa soko katikati ya jiji, nami mwenyewe nimekuwa nikinunua mahitaji ya wiki huko kwa miaka mitatu. Ukitoka Posta Kuu, ingia Henry Street yenye maduka makubwa ya nguo, yapite (vioo vingi, bei nyingi), halafu pinda kulia. Wauzaji utawasikia kabla hujawaona.

Wenye mtaa ni akina mama wa kwenye meza. Wengi wamezirithi kwa mama zao, na mama zao kwa bibi zao. Wanauza matunda, mboga, maua na samaki, tena wananadi kwa lafudhi ya Dublin mpaka maneno yanakanyagana: machungwa matano yuro mbili! Ukiitwa mpenzi usijikune kichwa. Mtaani hapa kila mteja ni mpenzi, hata babu wa miaka themanini.

Kupatana bei kama Kariakoo hakuna. Bei imeandikwa, lipa uende zako. Ila ukishazoeleka, nyongeza inaingia mfukoni bila kuiomba: ndizi mbili, kitunguu kimoja. Mwezi wangu wa kwanza nilipigwa vizuri tu. Stroberi za mbele zilikuwa zinang'aa, nikafungiwa za nyuma, na nilipofika nyumbani nusu yake ilikuwa ukungu. Meza yenyewe siitaji kwa jina, na siku hizi natazama mkono wa muuzaji, siyo fungu lililopangwa.

Nyuma ya meza kuna maduka ya Waafrika na Waasia: muhogo, bamia, ndizi za kupika, samaki wakavu, pilipili kali za kukutoa machozi, na saluni za kusuka nywele. Vyakula vingi vya Kiafrika hapo ni vya Afrika Magharibi, kwa hiyo kuwa mwangalifu. Mimi niliomba unga mweupe nikauziwa wa viazi vikuu. Nilipousonga ukavutika kama gundi. Sema wazi kwamba unataka wa mahindi.

Sasa nyota ya tano, inayohusu historia ya mtaa. Jina la mtaa lenyewe ni kichekesho. Bwana mmoja mwenye ardhi, Henry Moore, Earl of Drogheda (Earl ni cheo cha ukabaila), aligawa jina na cheo chake mitaani: Henry Street, Moore Street, Earl Street, Drogheda Street, na kichochoro kimoja kikaitwa Of Lane, yaani hata kile kiunganishi cha "wa" hakukiacha. Leo kichochoro hicho ni Henry Place, na ndicho walichokimbilia wapiganaji wa uhuru wa Ireland jioni ya Ijumaa, tarehe 28 Aprili 1916, Posta Kuu, iliyokuwa makao yao, ikiwaka moto nyuma yao baada ya siku tano za mapigano na Waingereza.

Mmoja wao, Michael O'Rahilly, alitangulia na kikosi kidogo kushambulia kizuizi cha Waingereza upande wa juu wa Moore Street. Risasi zikampata. Akajiburuta hadi kichochoro cha pembeni, na kabla ya kukata roho akamwandikia mkewe barua nyuma ya karatasi aliyokuwa ameandikiwa na mwanawe. Maneno ya barua hiyo yamewekwa ukutani palepale. Nilipoyasoma mara ya kwanza mfuko wa viazi ulikuwa mkononi, na nilisimama mpaka vidole vikafa ganzi.

Waliobaki waliingia katika nyumba za mtaa huu, wakatoboa kuta na kupita kutoka nyumba moja hadi nyingine bila kutokeza nje. James Connolly, mmoja wa viongozi, aliyekuwa na jeraha la risasi mguuni, alibebwa kwa machela. Namba 16 ndipo viongozi walipofanya kikao chao cha mwisho siku ya pili yake, Jumamosi. Baada ya kikao hicho muuguzi Elizabeth O'Farrell alitoka na kitambaa cheupe, akatembea peke yake katikati ya mtaa kuelekea kwa adui. Alasiri Patrick Pearse, kamanda wao mkuu, akajisalimisha, akisema anataka kuzuia wananchi wa Dublin wasiendelee kuuawa. Mwezi Mei viongozi walioonekana kuwa chanzo cha uasi huo wakapigwa risasi mmoja baada ya mwingine. (Mwezi Septemba mwaka huohuo Waingereza wakaingia Dar es Salaam, na kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps, ndiyo ikatuachia jina Kariakoo. Kumbe masoko yangu mawili yaliguswa na vita mwaka mmoja.)

Nyumba namba 14 hadi 17 zilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 2007. Baadaye kesi ikafika mahakamani: mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikubali kwamba eneo pana zaidi lihifadhiwe, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo. Kila nilipopita, nyumba zenyewe zilikuwa zimefungwa, rangi imebanduka, takataka zimelala mlangoni. Nchi inayojua kutunza kumbukumbu zake kama Ireland haina kisingizio. Nyota hiyo siitoi mpaka milango ifunguliwe.

Nilimuuliza mama mmoja namba 16 ni ipi. Hakugeuka hata kidogo. Alinyoosha dole gumba nyuma ya bega lake na kuendelea kuhesabu chenji yangu.

Njoo na sarafu na mfuko wako mwenyewe. Jumamosi asubuhi ndiyo yenye uhai, jioni bei hushuka kwa vitu laini visivyoweza kulala, na Jumapili meza nyingi hazipo.