Darasa la Jumamosi la uuguzi wa afya ya akili, Moshi: lipia visa vya wagonjwa, kijitabu kiache

Nilijiunga na darasa hili la marejeo baada ya kushindwa mtihani wa uuguzi wa afya ya akili, aibu ambayo kwa muuguzi aliyekwisha kufanya kazi wodini miaka minane si ndogo. Darasa hufanyika Moshi, katika chumba cha ghorofani nyuma ya soko kuu, kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, kwa wiki sita. Ada ni shilingi 90,000 ukichukua na kijitabu cha maswali, au 65,000 kwa masomo peke yake. Kwa sisi tunaotoka Arusha kuna kilomita 80 za kwenda na nyingine za kurudi, na anayekosa usafiri wa alfajiri hukuta kisa cha kwanza kimeshajadiliwa, kwa sababu mwalimu hamsubiri mtu.

Mwalimu mwenyewe ni muuguzi mstaafu ambaye wote tunamwita Sista, na yeye ndiye sababu ya kuandika tathmini hii. Hafundishi kwa kusomesha madesa. Humgawia kila mmoja karatasi yenye mistari michache inayomhusu mgonjwa mmoja, kisha hukaa kimya mpaka mtu aseme jambo, na likisemwa huuliza, "Umeliona wapi?" Jumamosi ya kwanza alitupa mwanamume wa miaka 45 aliyelazwa kwa kuvunjika mguu. Siku ya tatu wodini anatetemeka, jasho linamtoka, mapigo ya moyo ni 124 kwa dakika, na anakung'uta shuka akisema wadudu wanapanda kitandani. Karibu darasa zima, mimi nikiwemo, tuliandika skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia, na kupendekeza sindano ya haloperidoli, dawa ya kutuliza dalili zake.

Sista alisoma majibu yetu bila kubadilika uso, kisha akauliza, "Wanangu, huyu baba alikunywa lini mara ya mwisho?" Hakuna aliyekuwa amejiuliza. Katika mkoa ambao mbege, pombe ya ndizi, hunywewa kuanzia msibani hadi harusini, sisi tuliozaliwa humu humu tulikuwa tumekiruka chanzo kilicho karibu kuliko vyote. Alitupitisha polepole: ugonjwa wa akili unaoanza ghafla katika umri huo kwa mtu asiye na historia unapaswa kukutia shaka, kuona vitu visivyokuwepo, tofauti na kusikia sauti, kunakuelekeza utafute kwanza sababu ya mwilini, na kuchanganyikiwa kukubwa kwa anayeacha pombe ghafla kwa kawaida hujitokeza kati ya saa 48 na 96 tangu kinywaji cha mwisho, yaani siku ile ile ya tatu iliyoandikwa wazi mbele yetu. Mgonjwa huyo anahitaji diazepamu, dawa ya kutuliza, apewe thiamini (vitamini B1) kabla ya kuwekewa dripu ya glukosi, na apimwe joto, sukari na malaria, kwa sababu pombe kuwa mtuhumiwa hakuondoi watuhumiwa wengine. Haloperidoli peke yake ingeweza kumsogeza karibu na degedege. Kisa kimoja kilichukua saa moja na robo, na sikuona dakika iliyopotea.

Utaratibu anaoufuata hakuubuni yeye, na hilo hulisema mwenyewe. Christine Tanner, mwalimu wa uuguzi wa Marekani, alieleza mwaka 2006 kwamba uamuzi wa muuguzi hupita katika hatua nne: kuona, kufasiri, kutenda na kutafakari alichokitenda. Sista amezigeuza kuwa safu nne za kalamu ya risasi, na hakuruhusu kujaza safu ya tatu kabla ya kumsomea yale uliyoyaandika katika mbili za mwanzo. Mwanzoni niliona ni utoto. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa naichora karatasi hiyo nyuma ya daftari la zamu.

Wiki hiyo hiyo, nikiwa zamu ya usiku katika wodi ninayofanyia kazi, tulikuwa na kijana aliyepata sindano za haloperidoli siku mbili mfululizo. Alikuwa akienda na kurudi ukumbini, akikaa anainuka, akisimama anabadilisha miguu, na ripoti ya mchana ilikuwa imemwita msumbufu. Dozi ya kuongeza, kama ingehitajika, ilikuwa imeshaandikwa kwenye faili, na sindano ilikuwa tayari kwenye trei. Nikakumbuka swali la umeliona wapi. Nikamwuliza, "Mdogo wangu, kinachokuhangaisha ni mawazo au ni mwili?" Akajibu, "Dada, ni miguu. Natamani kukaa ila miguu hainiachi." Ilikuwa akathisia, kutotulia kwa mwili kunakoletwa na dawa kama hiyo, yaani dawa yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimtembeza, na dozi nyingine ingemzidishia. Niliirudisha trei na kumpigia daktari wa zamu, ambaye aliizuia dozi hiyo na kumwandikia propranololi, dawa ya kupunguza hali hiyo. Sijui ni vijana wangapi nimewachoma sindano ya pili miaka iliyopita kwa sababu tu walikuwa wakitembea, na swali hilo darasa halijanisaidia kulijibu.

Kisa kingine nitakachokitaja ni cha msichana anayetibiwa sonona, ambaye baada ya wiki mbili za dawa anaamka mchangamfu, anaoga, na kumgawia jirani wa kitandani khanga zake mbili. Nusu ya darasa iliandika kwamba ameanza kupona. Sista alitueleza kwamba nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla ya huzuni kuondoka, na kwamba anayegawa vitu vyake ghafla anapaswa kuulizwa wazi, kwa maneno yasiyozunguka, kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kisha akatufanyisha mazoezi ya kuuliza, wawili wawili, mpaka sauti zikaacha kutetemeka. Yangu ilichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Kijitabu sasa. Kina maswali 400 ya kuchagua jibu, kimetolewa fotokopi mpaka herufi zimefifia, na mwishoni kuna orodha ya majibu yasiyo na hata mstari mmoja wa maelezo. Maswali mengi ni dhahiri kwamba yametoholewa kutoka mitihani ya Marekani: mgonjwa anakatazwa jibini iliyokomaa na mvinyo mwekundu kwa sababu ya aina ya dawa za sonona ambayo katika miaka yangu yote wodini sijaiona kabatini, huku amitriptilini, dawa ya sonona tunayoigawa kila siku, ikiwa na maswali matatu tu. Hayo ningeyavumilia. Nisichoweza kuvumilia ni swali la mgonjwa anayetumia lithiamu, dawa ya kudhibiti kupanda na kushuka kwa hisia, ambaye anaharisha, anatapika na mikono inatetemeka sana, kipimo cha damu kikiwa milimoli 1.8 kwa lita. Kijitabu kinasema kiwango ni cha kawaida, muuguzi aendelee na dozi. Kiwango cha tiba ni takriban 0.6 hadi 1.2, na kuanzia 1.5 unahesabu sumu. Dozi inasimamishwa na daktari anaitwa hapo hapo. Nilimwonyesha Sista, akasema kijitabu huandaliwa na mwenye darasa, si yeye, na akatutaka tukisahihishe kwa kalamu. Jibu hilo halikuniridhisha, kwa maana awamu inayofuata itauziwa nakala ile ile.

Upungufu mwingine ni sheria. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ilipewa nusu saa ya mwisho ya Jumamosi ya sita, watu wakiwa wameshabeba mikoba, ilhali taratibu za kumlaza mtu asiyeridhia ndizo zinazotuletea mabishano na ndugu mlangoni karibu kila wiki. Dawa za sindano ambazo dozi moja hufanya kazi kwa wiki kadhaa pia ziliguswa kijuujuu. Kuhusu chumba, viti vinatosha, chai na maandazi vinapatikana chini, na kelele za sokoni huzoeleka.

Anayetaka kukariri majibu ili apite mtihani wiki ijayo atalalamika kwamba Sista ni mzito, na kwa visa viwili kwa asubuhi nzima atakuwa na haki yake. Aliye na miezi miwili mbele yake, hasa aliyekwisha kushika zamu na kudhani anajua, ajiandikishe mapema, kwa sababu kiwango cha darasa ni watu ishirini. Mwenye darasa alipotuuliza nani anarudi awamu ya pili, nilitoa shilingi 65,000. Akanisogezea kijitabu kipya akisema atanipunguzia bei. Nilifungua ukurasa wa lithiamu, nikaona 1.8 bado ni ya kawaida, nikamrudishia.