TeamSTEPPS 3.0 kwa wanafunzi wa famasia: ichukueni, ila visa andikeni wenyewe

Kwa mwalimu wa famasia anayetaka wanafunzi wake wajue kuzungumza na daktari, nesi na mtaalamu wa maabara kabla hawajazoea kunyamaza wodini, TeamSTEPPS, mafunzo ya kufanya kazi kwa timu katika huduma za afya, ni pazuri pa kuanzia, tena ni bure. Iliandaliwa na AHRQ, wakala wa serikali ya Marekani unaoshughulikia ubora wa huduma za afya, pamoja na Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo, ikatoka mwaka 2006. Toleo la 3.0 ni la 2023. Slaidi, video, mwongozo wa mkufunzi na fomu za tathmini vinapatikana kwenye tovuti ya AHRQ.

Stadi zake ni nne: mawasiliano, uongozi wa timu, kufuatilia hali, na kusaidiana. Kwa famasia hazina uzito sawa. Uongozi unatoshwa na kikao kimoja; muda uwekeni kwenye mawasiliano na kusaidiana.

Chombo kikuu cha mawasiliano ni SBAR: hali ilivyo, historia fupi, tathmini, pendekezo. Wanafunzi wa famasia hukwama kwenye tathmini. “Daktari, rifampicin inashusha kiwango cha dolutegravir,” kisha kimya. Ni kweli, dawa hiyo ya TB inashusha hiyo ya VVU, lakini daktari bado hajaambiwa afanye nini. Dai pendekezo lililokamilika (TLD ni kidonge cha VVU chenye dolutegravir ndani yake): “Daktari, mgonjwa wa kitanda namba 6 anatumia TLD, na jana ameanza dawa za TB zenye rifampicin. Naomba tumwongezee dolutegravir miligramu 50, aimeze zikipita saa 12 tangu ameze TLD, na aendelee hivyo hadi wiki mbili baada ya kumaliza rifampicin.” Shika saa. Maelezo yakizidi dakika moja, arudie.

Kurudia agizo kwa sauti kunaonekana jambo dogo, lakini msiliruke. Kwetu dozi hutajwa kwa Kiingereza hata mazungumzo yakiwa ya Kiswahili, na kwenye simu “fifteen” na “fifty” hazitofautiani sana. Mwanafunzi azoee kutaja tarakimu moja moja, kisha asubiri athibitishiwe.

Sehemu bora kuliko zote ni CUS, yaani kueleza wasiwasi kwa ngazi tatu, na kanuni ya kupinga mara mbili, yaani kurudia hoja angalau mara mbili usiposikilizwa. Hapo ndipo mwanafunzi anajifunza kumkatalia aliyemzidi cheo bila kumvunjia heshima. Tumia kisa cha methotrexate miligramu 10 iliyoandikwa kila siku kwa mgonjwa wa baridi yabisi, wakati dozi hiyo ni ya mara moja kwa wiki. Ngazi ya kwanza: “Samahani daktari, nina wasiwasi na dozi hii.” Ya pili: “Bado sijatulia, kwa sababu ikimezwa kila siku inaweza kuua uboho.” Ya tatu: “Hapa usalama wa mgonjwa uko hatarini, naomba tusitoe dawa mpaka tuhakikishe.” Akikataliwa bado, anampelekea mfamasia wa zamu, na dawa haitoki dirishani. Anayeigiza daktari lazima agome kwelikweli, aseme “toa nilivyoandika.” Akikubali mara ya kwanza, zoezi halijapima kitu.

Udhaifu mkubwa ni visa. Vilivyomo vimejengwa juu ya hospitali za Marekani, na kliniki ya CTC (ya huduma za VVU) au dirisha la dawa la kituo cha afya hutalikuta humo. Mnapoandika vya kwenu, gawanyeni taarifa. Kundi la watu sita linatosha: famasia wawili, udaktari wawili, nesi mmoja, maabara mmoja. Mfano, mgonjwa wa warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda: karatasi ya nesi inasema fizi zinatoka damu tangu asubuhi, ya maabara ina INR (kipimo cha kuganda kwa damu) ya 6, iliyo juu mno, ya famasia inaonyesha cotrimoxazole, inayoongeza nguvu ya warfarin, iliyoanzishwa siku tano zilizopita, ya udaktari ina sababu ya kupewa warfarin. Hakuna anayeweza kukimaliza kisa hicho peke yake. Mkimpa kila mmoja taarifa zote, mwanafunzi wa udaktari ataamua, nesi ataandika, na famasia atatikisa kichwa.

Msiifundishe kwa famasia peke yao. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2010, lilieleza elimu ya pamoja kati ya fani kuwa ni wanafunzi wa fani mbili au zaidi kujifunza kuhusu wenzao, kutoka kwao na pamoja nao. Ratiba ndiyo inayoua mpango huu: Tanzania shahada ya famasia ni miaka 4, ya udaktari 5, na vipindi havikutani. Oanisheni kwa uzoefu wa wodi badala ya mwaka wa masomo, na saa hizo ziingie kwenye ratiba rasmi ya kila fani. Zikiwa za hiari, hawaji.

Kwenye tathmini, dodoso la T-TAQ lenye maswali 30 linapima mtazamo tu. Mwanafunzi anaweza kupata alama za juu huku hawezi kumpigia daktari simu. Tumieni fomu ya kumwangalia mwanafunzi akitenda, yenye alama 1 hadi 5, ijazwe na wakufunzi wawili wa fani tofauti kila mmoja kivyake, kisha walinganishe.

Video ni za Kiingereza cha Marekani na kasi yake inawashinda wengi wa ngazi ya stashahada. Kwao igizeni kwa Kiswahili. Na kama mna saa mbili tu kwa muhula mzima, chukueni SBAR na CUS, mengine yaacheni.