Sahani ya Kichina yenye Hukumu ya Paris: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano. Nimeinunua kwa muuza vitu vya kale, na tangu ifike sichoki kuitazama.

Ni sahani ya kauri ya karibu mwaka 1750, enzi za mfalme Qianlong, upana wake sentimita 23. Katikati yumo Paris, yule kijana wa hadithi za Wagiriki aliyeamua ni mungu gani wa kike aliye mrembo kuliko wenzake, akimkabidhi Venus tufaha la dhahabu huku Juno na Minerva wakitazama. Kauri yenyewe ilifinyangwa na kuchomwa katika mji wa Jingdezhen, ikashushwa bandari ya Guangzhou ikiwa nyeupe tupu. Huko ndiko mafundi walikoichora, wakifuata picha zilizochapwa Ulaya ambazo wafanyabiashara waliwapelekea. Ikarudi tena tanurini, kwa moto mdogo kuliko ule wa kwanza, ili rangi ishike.

Ukitaka kuujua ufundi wao, shika kioo cha kukuzia. Kivuli kilicho pajani mwa Venus hakikupakwa kwa mpigo mmoja. Ni mistari myembamba kama unywele, mmoja mmoja, kwa brashi, ikiiga mikwaruzo ya bamba la shaba lililochapia picha za Ulaya. Aliyenoga kuliko wote ni tausi wa Juno. Shingo ina uhai, manyoya yametulia, na unaona wazi kwamba hapa mkono wa fundi haukusita hata kidogo. Nyuso za miungu nazo zimekaa Kichina kiasi, na kwangu hapo ndipo penye utamu. Sahani zilizochorwa Ulaya kwenyewe hazina kitu hicho.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya ukingo. Dhahabu yake imepakwa upya, inang'aa kupita kiasi, na muuzaji hakulitaja hilo. Ufa mwembamba aliutaja, na ndio ulioshusha bei hadi nikaimudu. Zilizo nzima ni za wenye fedha zao.

Kabla hujalipa, omba picha ya mgongo na ya ukingo kwa karibu, mchana, bila taa. Ikifika usiilie chakula wala usiisugue, maana rangi na dhahabu zimekaa juu ya glezi, ule utando laini kama kioo unaofunika kauri, na hutoka. Iweke kwenye kishikizo cha mbao. Vile vibanio vya waya vya kutundikia ukutani hula ukingo polepole. Na asiye na haja ya kununua, akiwa London aende jumba la makumbusho la V&A kwenye vyumba vya kauri; kiingilio ni bure.