Tofali za intaloki: pima kimo kwanza, bei baadaye

Meseji za tofali za intaloki, zile za udongo na saruji kidogo zinazofungana zenyewe bila mota, zinazoniingia siku hizi zinafanana mpaka nachoka. Mtu kanunua, fundi kaanza kupanga, kozi za mwanzo, yaani mistari ya chini ya tofali, safi kabisa, wakifika usawa wa dirisha huku kumepanda huku kumeshuka, fundi anasema tofali mbovu, muuza tofali anasema fundi mbovu, na mwenye nyumba kasimama katikati ya saiti hela imeshakatika. Wa mwisho yuko Kibaha, kanitumia picha ya pimamaji juu ya ukuta wake, kile kipovu kimekimbilia pembeni kabisa hata kwenye mistari hakipo.

Kwa hiyo leo sitaongelea rangi wala muonekano, na hata ile ya "rafiki wa mazingira" naipitia haraka maana kila muuzaji anaijua kwa kichwa: hazichomwi kwa kuni, zinashindiliwa tu na kuachwa zikomae, na saruji inayoingia ni kidogo, jambo la maana kwa sababu utengenezaji wa saruji duniani unatoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Sawa, tumeelewa. Kitu ambacho hamna muuzaji anakigusa ni kimo cha tofali. Namaanisha kwenda juu, sio urefu wala upana.

Tofali ya block, ile ya mchanga na saruji, ikizidi milimita 3 fundi anaimaliza kwenye mota, wala hutajua. Intaloki inapangwa kavu, ukiacha kozi ya kwanza inayokaa kwenye mota juu ya msingi, kwa hiyo hamna pa kuficha. Piga hesabu: kozi moja sentimita 10, mpaka usawa wa linta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, mita 2.1 ni kozi 21. Upande mmoja tofali zikiwa zimezidi milimita 2 tu, milimita 2 jamani, ukifika juu umeshapishana sentimita 4 na ushee. Hapo fundi anaanza kuomba saruji ya kujazia, mara grainda ya kukatia, na ile saruji uliyoambiwa utaokoa unairudisha yote dukani kimya kimya.

Tatizo linaanzia kwenye kujaza udongo kwenye mashine ya kufyatulia. Mashine nyingi za mkono zinashindilia kwa wima, ukijaza udongo mwingi ule mkono wa mashine haufiki mwisho na tofali inatoka nene, ukijaza kidogo mkono unashuka kirahisi na tofali inatoka nyepesi, dhaifu. Sasa kijana analipwa kwa idadi ya tofali, jua linawaka, atapima kila koleo saa ngapi?

Ndio maana namba moja yangu ni Hydraform na sifichi upendeleo wangu. Ni mashine za haidroliki za kampuni ya Afrika Kusini, na uzuri wake zinashindilia kwa ulalo, kwa hiyo udongo ukizidi au ukipungua tofauti inaangukia kwenye urefu wa tofali. Kimo kinabaki kile kile cha kalibu, milimita 115. Urefu unacheza kati ya milimita 230 na 240 hivi na hiyo haimsumbui fundi, anaimaliza kwenye kona na nusu tofali. Mimi ningejenga nyumba yangu yote na hizo hata kama nitasubiri mwaka mwingine. Ubaya wake mashine ni ghali, wenye nazo wachache, na wanajua kabisa kuwa ni wachache.

Namba mbili, mashine ya mkono kama zile za NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba bora pale Mwenge, Dar, lakini kwa sharti moja: ufyatulie saitini kwako ukiwa unaona. Tofali yake ni milimita 300 kwa 150 kwa 100. Mashine ya Makiga ya Kenya naiweka hapa hapa. Weka ndoo moja ya kipimo, marufuku kukadiria kwa koleo, na mtu wa kujaza awe yule yule siku nzima. Udongo upimwe pia, sanduku la mbao la sentimita 60 kwa 4 kwa 4, unajaza udongo mbichi unauacha ukauke, ukisinyaa sana ujue mfinyanzi umezidi. Udongo mweusi wa mbuga usijisumbue nao.

Namba tatu, tofali zilizo tayari za yadi za barabarani, baada ya jaribio nitakalokwambia hapo chini. Zile za mashine zilizochomelewa gereji mtaani ni nafuu, basi. Za kuchoma hazimo kwenye listi hii.

Jaribio lenyewe halihitaji injinia. Chagua tofali kumi kutoka sehemu tofauti za lundo, usikubali kuchaguliwa, zipange kavu ziwe mnara mmoja. Pembeni panga kumi nyingine. Weka pimamaji juu ya minara yote miwili alafu pima na futi: za milimita 100 zinatakiwa zisome mita moja. Minara ikipishana zaidi ya nusu sentimita ondoka. Kuna muuzaji alimwambia msomaji wangu, "Dada, hizo milimita ni za Wazungu, sisi tunajenga." Haya jengeni. Alafu chukua tofali moja uilaze kwenye ndoo ya maji usiku kucha, kona zikimeguka kwa kidole hiyo haikupata saruji ya kutosha au haikumwagiliwa. Inatakiwa imwagiliwe ikiwa imefunikwa angalau siku 7, na ingojewe siku 28, sio ifyatuliwe Jumatatu iuzwe Ijumaa.

Sasa bei, na hapa ndipo ninapokasirika. Wanakutajia bei ya tofali moja kwa sababu inasikika ndogo. Ukuta wa mita moja ya mraba unakula intaloki za mkono kama 33, Hydraform kama 38, block za inchi 6 ni kama 9 na nusu. Uliza bei kwa mita ya mraba uone muuzaji anavyoanza kutafuta simu yake. Na ukisikia mtu anajisifu mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unamtolea tofali 150, jua tofali inayokaribia kilo 8 na nusu hapo imepata saruji chini ya asilimia 4, anakuuzia udongo. Alafu kupakia unalipa wewe, Fuso unalipa wewe, zilizovunjika njiani nazo ni zako, na ukifika saiti ukauliza nusu tofali na zile za kona na za linta, unaambiwa hizo ni oda maalumu, malipo kwanza. Ziandikishe kwenye risiti kabla hujatoa hata shilingi ya advansi.