Seti ya koni, ngazi na bipsi: bipsi ndo zinafanya kazi, ngazi ni mapambo

Wadau mnaofundisha madogo mpira, hizi seti za mazoezi zinazouzwa Kariakoo kwenye begi la wavu mi ninayo moja, naitumia na vijana wa miaka 14, 15 hapa mtaani. Ndani kuna koni bapa, ngazi ya kamba ya kuchezea miguu, ile inayotandazwa chini, na bipsi, vile vizibao vya kutofautisha timu, za rangi mbili, nyekundu na kijani. Ukibishana vizuri bei haifiki laki.

Nianze na ngazi maana ndo muuzaji anayoisifia kuliko vyote. Inapendeza kweli, dogo akipita pale chap chap ukimrekodi utasema yuko akademi ya Ulaya. Ila ngazi haikukabi! Dogo anainamisha kichwa anaangalia miguu yake, na hicho ndo kitu tunachopigana nacho kila siku, mtu anapokea mpira hajaangalia nyuma, anakuja kushtuka kashafikiwa. Kama shida yako ni kupasha misuli tu, FIFA 11+, yale mazoezi ya kupasha ya FIFA, ipo bure, dakika 20 hivi inaisha, na imetengenezwa kwa ajili ya kupunguza majeraha, hasa ya miguu. Nayo haina mpira lakini, kwa hiyo mi nachukua zile mbio na za kuimarisha misuli halafu tunaingia kwenye gozi.

Koni ziko poa, laini, ukikanyaga hazivunjiki. Upepo mkali zinahama, basi.

Sasa bipsi. Tunaanza na mtu kati, wanne nje wanapigiana pasi, wawili ndani na bipsi zao wanakaba, boksi la mita 8 kwa 8, tachi mbili yaani unagusa mpira mara mbili tu, ukipoteza unaingia. Ndo rondo ileile Cruyff aliyowachezesha sana Barcelona alipokuwa kocha pale 1988 hadi 1996. Wakiwa bado wazito ongeza hadi mita 10, wakizoea bana. Humo dogo anajifunza mwenyewe kuufungua mwili na kupokea kwa mguu wa mbali, maana akipokea kwa mguu wa karibu anajifungia njia.

Halafu ndo inakuja tamu yenyewe, rangi tatu. Wanne nyekundu, wanne kijani, wanne hawavai kitu. Timu mbili zinapigiana pasi, ya tatu inakaba, rangi itakayopoteza mpira ndo inageuka kukaba papo hapo. Yaani mtu aliyekuwa mwenzako sasa hivi ukifumba na kufumbua ni adui, usipoinua kichwa unampasia anayekukaba. Mwanzoni ilikuwa vurugu tupu, mpira unapotea halafu wote wanasimama wanaulizana "tunakaba sisi?", siku hizi unawaona wanageuza shingo kabla pasi haijafika, na siwapigii tena kelele "angalia nyuma!" kama nilivyokuwa nafanya zamani. Koni hazikupi hicho kitu, koni imekaa palepale tangu mnaanza, hakuna cha kuamua.

Kasoro zipo. Bipsi ni kubwa mno, za watu wazima, madogo wembamba zinawafika magotini. Halafu hizo rangi jamani, kuna dogo wa Yanga alikuwa radhi akae nje kuliko kuvaa nyekundu ya Simba, nikamweka kwa wasiovaa maisha yakaendelea. Ila kubwa zaidi, kuna watoto wa kiume wamezaliwa macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na wengine wenyewe hawajui. Ukiona dogo mwenye pasi nzuri tu anakosea rangi kila saa, usimfokee, mbadilishie rangi kwanza uone.

Kwa hiyo ukienda dukani mwambie akutolee bipsi peke yake, bluu na njano, za saizi ya watoto, wengi wanakubali kuuza bila ngazi. Na nyekundu kama utaichukua ifue peke yake, inachuja rangi balaa.