Faili moja au mafaili asilia kwa mtaalamu wa rangi?

Mhariri aliyekwisha kumaliza mikato ana njia mbili za kumkabidhi mtaalamu wa rangi (anayerekebisha rangi za filamu) kazi yake. Ya kwanza ni kutoa faili moja iliyounganishwa, kwa mfano ya ProRes 4444 (aina ya faili ya video yenye ubora wa juu), bila LUT yoyote (jedwali la kubadilisha rangi) juu yake, pamoja na EDL, yaani orodha ya maandishi inayoonyesha kila mkato ulipo. Ni njia nyepesi, wala hakuna shoti itakayopotea njiani; lakini pale shoti mbili zinapofifia moja ndani ya nyingine, mtaalamu hupokea picha zilizokwisha kuchanganyika, asiweze kuzitenganisha.

Ya pili ni kupeleka XML (faili linaloeleza mpangilio wa shoti zote) na mafaili asilia ya kamera, ili mradi ujengwe upya katika programu ya rangi kama DaVinci Resolve. Hapa uhuru ni mkubwa zaidi, ila mhariri sharti asafishe taimlaini (mpangilio wa shoti katika programu ya uhariri) kwanza: aondoe klipu zilizozimwa, azishushe shoti kwenye mistari michache, na aambatanishe video ya marejeo yenye taimukodi (namba za muda wa kila fremu), kwa kuwa mabadiliko ya kasi na ukuzaji wa picha (mhariri yeyote atakubali) ndiyo huharibika mara nyingi katika uhamisho. Kwa filamu iliyorekodiwa kwa RAW (data ghafi ya kamera) ningechagua hii. Kwa mahojiano mafupi ya H.264 ya biti 8 (video iliyobanwa, yenye nafasi ndogo ya kurekebishwa rangi), ya kwanza yatosha.